Kisu kimoja kwa nyumba nzima: tuchague gani?

Tarehe 27 mwezi wa 5 mwaka 2021, asubuhi mapema, wakaaji wa sehemu kubwa ya mji wa Goma waliambiwa waondoke mara moja. Siku tano mbele ya pale volkano ya Nyiragongo ilikuwa imelipuka, na ardhi ilikuwa ingali inatikisika. Watu walijaza barabara ya Sake, kila mmoja na muzigo wake. Nyumba yetu pia ilikuwa ndani ya ile barabara.

Mama alifunga sufuria, unga, maharage kidogo, bido ya maji ya litri tano na kisu kimoja cha jikoni. Kisu alikitia ndani ya mfuko wa nguo, hivi tu, bila kukifunika. Pikipiki ilipokazwa kamba na kuanza kuruka mashimo, ncha ya kisu ilitoboa mfuko, ikatoboa na bido. Tulipofika, maji yalikuwa yamekwisha na nguo zimelowa. Jioni nilitaka kukata miti ya kusimamisha bashi, kile kisu kikachomoka ndani ya mpini. Siku zilizofuata tulikuwa tunaazima panga ya jirani, tukingoja zamu kama watu wa robine.

Toka siku ile niko na ulizo moja. Kama nyumba iko na franga za kununua kisu kimoja tu, cha kupika, cha shamba, na cha kubeba siku ya kukimbia, ni kisu gani? Hilo si ulizo la watu wa kutembea porini kwa kujifurahisha. Hapa kwetu, kuanzia Uvira mpaka Bunia, ni ulizo la kila mwaka. Nimeuliza wamama wa soko, walimaji, na wahunzi. Haya ndiyo niliyoyakusanya.

Kwanza ujue kazi, kisha utafute kisu

Wengi wanaanza na bei au na kung'aa. Heri kuanza na kazi. Jiulize: kwa juma moja, hiki kisu kitafanya nini? Kwa nyumba nyingi jibu ni hili: kumenya muhogo na viazi, kukata sombe na nyama, kukata kamba, kupasua kuni ndogo, kukata ndizi shambani, kufyeka kidogo, na siku mbaya ikifika, kukata miti na kusimamisha kibanda.

Hizi kazi ziko za aina mbili. Kuna kukata kwa kuvuta, kama vile kumenya na kuchana: hapo unahitaji makali membamba na mkono ulio karibu na kazi. Kuna kukata kwa kupiga, kama vile kufyeka na kuangusha miti: hapo unahitaji uzito na urefu. Hakuna kisu kinachofanya zote mbili vizuri kabisa. Anayekuambia kipo, anauza. Unachochagua ni kile kinachofanya moja vizuri na nyingine bila kukusumbua sana.

Sokoni utakuta jamaa tatu. Ya kwanza ni kisu cha jikoni, chepesi, chembamba, mpini wa plastiki. Kinamenya vizuri, lakini ukikipigisha kwa mti kinapinda au kinachomoka. Ya pili ni kisu kifupi kinene chenye ala, makali yake karibu upana wa mkono. Kinamenya, kinachinja, kinachonga, na ukikigonga mgongoni kwa kipande cha mti kinapasua kuni ndogo. Lakini kwa kufyeka kinachosha. Ya tatu ni panga. Inafanya kazi yote ya kupiga, na aliyeizoea anamenyea muhogo bila shida. Wamama wengi wa vijijini hawatumii kingine.

Jibu la wengi niliowauliza ni hili: kama unaishi mjini na hauna shamba, chukua kisu kifupi kinene. Kama unaishi kijijini, au uko mahali ambapo watu wanaweza kukimbia saa yoyote, chukua panga fupi. Fupi maana yake makali ya sentimeta 35 mpaka 40 hivi. Ile ndefu ya kufyeka majani makubwa ni nzuri shambani, lakini jikoni ni shida, na ndani ya muzigo haiingii.

Chuma kinachong'aa na chuma kinachoshika kutu

Kuna ubishi mkubwa kati ya chuma cha kawaida na inoksi. Tuweke mambo wazi.

Chuma cha visu kinakuwa kigumu juu ya kaboni iliyo ndani yake. Chuma chenye kaboni ya kutosha, kikipashwa moto mpaka chekundu na kuzimwa haraka, kinakuwa kigumu na kinashika makali. Panga nyingi nzuri ni za chuma hiki. Ubaya wake ni kutu: ukimenya ndizi au ukikata ndimu na kukiacha bila kukiosha, kesho yake kimekuwa cheusi.

Inoksi ni chuma kilichotiwa kromi, angalau sehemu 10 na nusu juu ya 100. Ile kromi ndiyo inazuia kutu. Inoksi nzuri inafanya kazi vizuri sana, zaidi kwa watu wa samaki, wale wa sambaza na ndagala, ambao mikono yao iko ndani ya maji kutwa. Lakini inoksi nyingi za bei chini ni laini: leo inakata, keshokutwa inaponda nyanya. Na sumaku haitakusaidia kuzitenganisha, sababu visu vingi vya inoksi vinavutwa na sumaku sawasawa na chuma cha kawaida.

Kwa panga, chuma cha kawaida ndicho kinapendekezwa: kinanoleka na jiwe la mtoni, na hakivunjiki ovyo. Kutu ni adui anayeonekana, unaweza kupigana naye. Chuma laini ni adui aliyejificha.

Namna ya kupima mbele ya kutoa franga

Usione haya kupima. Muuzaji mwenye kitu kizuri hatakukataza.

Angalia kwa jicho moja. Shika kama unavyolenga, tazama mgongo toka mpini mpaka ncha. Ukiona umepinda, rudisha.

Gonga kwa ukucha au kwa kijiti. Panga nzima inalia sauti ndefu, wazi. Ikilia kama bati iliyopasuka, ama mpini unacheza, ama kuna ufa.

Pinda kidogo. Weka ncha juu ya ubao, sukuma polepole. Inapaswa kupinda kidogo na kurudi yenyewe ikanyooka. Ikibaki imepinda, hicho ni chuma laini.

Jaribu tupa. Pitisha tupa mara moja kwenye makali, karibu na mpini. Tupa ikiteleza kabisa kama juu ya chupa, chuma ni kigumu mno: kitashika makali, lakini kikigonga jiwe kitamenyeka. Tupa ikila sana kama inakula chuma cha kujengea nyumba, makali hayatadumu. Kwa panga unataka katikati: tupa inashika, lakini unasikia inakataa kidogo.

Angalia mpini, maana hapo ndipo vingi vinakufa. Chuma kinapaswa kuendelea ndani ya mpini mpaka mwisho, na unakiona kwa pembeni, kimeshikwa na misumari iliyopigwa pande zote mbili. Mbili ni haba, tatu ni nzuri. Kile kisu cha mama kilikuwa na mkia wa chuma mfupi kama kidole, umeingizwa ndani ya plastiki tu. Lowanisha mkono na maji, kisha kamata. Kikiteleza sokoni, kitateleza na ndani ya mvua.

Mwisho, fanya hesabu. Kisu cha nusu bei kinachoishi miezi sita ni ghali kuliko cha bei kamili kinachoishi miaka mitano. Hii mama yangu anaijua kuliko mimi, lakini siku ya soko anakuwa na zile franga alizo nazo, si zile za hesabu. Ndiyo maana watu wengine wanachanga wawili watatu kwa likelemba, na kila mmoja anapata panga nzuri kwa zamu.

Mhunzi wa hapa anaweza kukushinda kiwanda

Usimsahau mhunzi. Kwa vijiji vingi vya Kivu bado kuna watu wanaofua visu, panga na majembe. Wengi wanatumia resori za gari, vile vyuma virefu vilivyopinda chini ya kamyo. Wako na haki. Resori imefanywa na chuma chenye kaboni ya kutosha, karibu sehemu 0,6 juu ya 100, na imetengenezwa kwa ajili ya kupinda na kurudi.

Lakini wengine wanachukua vyuma vya kujengea nyumba, vile vya beto. Vile havina kaboni ya kutosha. Mhunzi akivipasha moto na kuvizima mara kumi, havitakuwa vigumu. Kisu kitapendeza kwa macho, na makali yatalala kama majani.

Kwa hiyo muulize mambo matatu. Chuma kimetoka wapi? Ulikizima ndani ya nini? Baada ya kukizima, ulikirudisha kwenye moto kidogo? Hilo la tatu ndilo linaonyesha fundi wa kweli. Chuma kilichozimwa tu kinakuwa kigumu lakini kinavunjika kama sahani. Anapokirudisha kwenye moto mdogo, mpaka rangi ya juu inageuka kuwa ya manjano au ya kahawia, kinapunguza ugumu kidogo na kinapata nguvu ya kuvumilia pigo.

Kwa sababu hiyohiyo, usitie panga yako ndani ya moto ili kutoa mpini uliovunjika. Na kwenye mashine ya kunolea ya umeme, chunga: makali yakigeuka rangi ya bluu, pale chuma kimekuwa laini. Fundi anapaswa kuchovya ndani ya maji kila mara.

Kunoa: kazi ya dakika tano

Kisu kibutu kinakata watu wengi kuliko kisu kikali, sababu unasukuma kwa nguvu na kinateleza.

Watu wanauliza jiwe lilale namna gani. Chukua karatasi yenye kona. Kunja ile kona katikati, kisha ikunje tena katikati. Pembe inayobaki ni digri 22 hivi. Kwa kisu cha jikoni, inua mgongo wa kisu juu ya jiwe kwa kipimo hicho. Kwa panga, inua zaidi kidogo, maana makali membamba mno yanavunjika kwenye mti mgumu.

Lowanisha jiwe, sukuma kama vile unataka kumenya ngozi ya jiwe, upande mmoja mpaka usikie kidogo cha chuma kimegeukia upande wa pili. Kisha geuza. Malizia na mapigo mepesi, moja huku, moja kule. Ukitumia tupa, sukuma kwa upande mmoja tu, usirudishe ikiwa imekandamiza, na weka panga juu ya gogo, si juu ya goti. Jaribu makali kwa kukata jani la ndizi. Usipitishe kidole.

Kama panga ndiyo kisu chako pekee, igawanye. Sehemu ya karibu na mpini, upana wa mkono hivi, inoe iwe nyembamba kwa kumenya na kuchonga. Sehemu ya mbele iache nene kidogo kwa kupiga. Hivyo uko na visu viwili ndani ya chuma kimoja.

Baada ya kazi: osha, futa, kausha, paka mafuta kidogo ya kupikia. Mafuta machafu ya gari yanazuia kutu, lakini usiyapake kwenye kisu kinachogusa chakula.

Ala si pambo

Kama ningekuwa na nafasi ya kurudi mwaka 2021, nisingebadilisha kisu kwanza. Ningetengeneza ala. Ni kazi ya nusu saa. Kata kipande cha bido ya manjano iliyopasuka, kikunje juu ya makali, toboa matundu pembeni na msumari wa moto, kisha shona na waya au na utepe wa mpira wa ndani wa baiskeli. Acha tundu dogo chini ili maji yatoke, maana ala inayoshika maji inaleta kutu. Ala inalinda bido, inalinda mtoto aliye mgongoni, na inalinda makali yenyewe.

Fundisha watoto mambo machache tu. Kisu kinapewa mtu kwa upande wa mpini. Ukipiga na panga, nyoosha mkono kwanza uzunguke: asiwepo mtu ndani ya ile duara. Na usikate kuelekea mguu wako.

Kidonda cha shamba si kidogo

Ukijikata, kandamiza na kitambaa safi mpaka damu isimame. Osha na maji mengi safi na sabuni. Usitie udongo, wala mavi ya ng'ombe, wala poda ya batri. Kidonda kirefu, au chenye uchafu ndani, kipelekwe kwenye kituo cha afya siku ileile.

Watu wanasema tetanosi inatokana na kutu. Si kutu. Ni kijidudu kinachoishi ndani ya udongo na mavi ya wanyama, na panga safi iliyogusa udongo inaweza kukiingiza. Dalili zinaweza kuanza toka siku ya 3 mpaka ya 21, wakati kidonda kimekwisha kufunga na mtu amesahau: mataya yanakaza, shingo inakuwa ngumu. Wamama wanachanjwa wakiwa na mimba, watoto wanachanjwa toka wiki ya 6. Wababa wengi, ambao ndio wako na panga kutwa, hawajui hata mara ya mwisho waliyochanjwa. Uliza kwenye kituo chako.

Panga na macho ya watu

Kuna jambo lingine ambalo hatuwezi kulipita kimya. Kwa ndugu zetu wa Beni, toka mwezi wa 10 mwaka 2014, na kwa wale wa Irumu na Djugu, neno panga halileti wazo la shamba peke yake. Kuna watu walioona nayo mambo ambayo hawataki kuyataja. Chuma ni kilekile.

Kwa hiyo namna ya kubeba ni heshima na ni usalama. Ikiwa ndani ya ala, imefungwa pamoja na jembe na kikapu, kila mtu anaona mlimaji. Ikiwa wazi mkononi, kwa kijana anayetembea jioni bila jembe, watu wanaogopa, na kwenye bariere maulizo yatakuwa mengi. Wazee wengi wanashauri: usitembee na panga usiku, usiishike wazi ukiingia kwenye kijiji cha wengine, na ukisalimia mtu iweke chini kwanza. Ukifika mahali pa wakimbizi, uliza viongozi wa pale namna vyombo vya kukata vinavyotunzwa. Kwa sehemu kama hizo, kisu kifupi ndani ya ala, kilichofungwa pamoja na sufuria, kinaweza kukufaa kuliko panga.

Sisi nyumbani tulinunua panga fupi ya resori kwa mhunzi. Mpini tulibadilisha mara moja, chuma bado. Mama anaimenyea muhogo, mimi naipasulia kuni, na imetundikwa juu ya mlango, ndani ya ala ya bido ya manjano, mahali ambapo mtoto hafiki lakini mkubwa anaishika hata gizani. Kando yake kuna bido tupu ya litri tano. Ile ya zamani tuliifunga tundu kwa plastiki ya moto, lakini inavuja mpaka leo.